Swali la Tisa Halina Kosa

Nyeri, 3 Februari 2025

Mjomba Hezekiah,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi ya Nyeri, ambayo mwaka huu imekataa kuondoka. Mimi ni mzima. Mama pia ni mzima, ila goti linamsumbua akipanda ngazi za kanisa. Anasema nikuambie kwamba katika maombi ya Jumatano walimtaja marehemu Tata Wakiuru kwa jina, na wanawake wengi walilia. Ni nusu mwaka sasa tangu tumzike mkeo, nami bado nikiona kitambaa cha kijani sokoni hudhani ni yeye amegeuka.

Mama alitaka nikupigie simu. Nilimkumbusha kwamba tangu masikio yako yazibe, simu unampa jirani yako Kinyua akusikilizie, kisha Kinyua hutangaza habari zetu hadi kiwanda cha kahawa. Basi tuendelee na kalamu, kama tulivyozoea tangu nilipokuwa darasa la tano, nikikuandikia insha nawe ukinirudishia zikiwa zimejaa wino mwekundu.

Sasa jambo lenyewe. Nimepata kazi ya ukarani katika mradi mmoja hapa mjini, mkataba hadi Juni. Kuna hojaji ya afya ya akili iliyoandikwa kwa Kiingereza, maswali tisa, nasi tunaitayarisha iulizwe kwa Kiswahili kwa wakulima wa Tetu na wafanyabiashara wa mifugo kule Nanyuki. Si kutafsiri tu. Mtu mmoja hutafsiri, mwingine ambaye hajaona Kiingereza cha awali huyarudisha maneno katika Kiingereza, halafu tunalinganisha, na pale yanapotofautiana watu hugombana mpaka saa ya chai. Mkuu wetu ni Daktari Qamar, mwenyeji wa Nanyuki. Hapazi sauti, lakini akikutazama juu ya miwani unakumbuka makosa yako yote. Aliuliza ni nani anayemjua mwalimu mzee wa Kiswahili ambaye watu wa kawaida humwelewa. Mkono wangu uliinuka kabla sijaushauri. Nikiharibu hapa sina pengine pa kwenda.

Maswali yamo ndani ya bahasha. Yanauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: kama mtu amekosa furaha, usingizi, hamu ya chakula, nguvu, na kadhalika. La tisa ndilo zito. Linauliza kama mtu amewaza kwamba ni afadhali afe, au ajidhuru. Kwa kila swali mtu huchagua jibu moja: hapana, siku chache, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku.

Sahihisha bila huruma, Mjomba.

Mpwa wako ambaye mwandiko wake bado unapanda mlima,
Wachuka


Kangema, Murang'a, 21 Februari 2025

Mama yangu Wachuka,

Sisi huku tuko salama, tunamshukuru Mungu. Mvua bado. Kahawa imekunja majani lakini inavumilia. Mwambie dada yangu goti asilipeleke kanisani kila siku. Mungu anafika hata nyumbani.

Na kama Daktari wako anasoma barua hii juu ya bega lako, mweleze kwamba sijarukwa na akili kumwita msichana mdogo mama. Ulipewa jina la mama aliyenizaa, na kwetu mwenye jina la mtu ndiye mtu mwenyewe. Nilikuita mama ukiwa na siku moja, nawe ukanijibu kwa kunitapikia maziwa shatini.

Nimesoma maswali yako. Aliyeandika la kwanza hajawahi kufuga ng'ombe. "Je, umekosa hamu ya kufanya mambo?" Mkulima hakamui kwa hamu, anakamua kwa sababu ng'ombe analia. Uliza hivi: "Je, kazi uliyokuwa ukiipenda sasa unaifanya kama mtu aliyetumwa?" La pili, ondoa "mfadhaiko", hilo ni neno la redio. La tatu ni sawa, ila mzee hujibu kwamba halali kwa sababu ni mzee, basi uliza anafanya nini akiwa macho. La tano, kuhusu chakula: mtu hatakwambia hana hamu, atakwambia ameshiba. Uliza kama sahani inarudi jikoni na chakula. La sita, "umejiona umeshindwa maishani", liulize polepole na usimtazame mtu usoni. La saba, kuhusu kutuliza akili kwenye gazeti: Tetu wanasoma gazeti lililofungiwa nyama. Uliza kama mahubiri yanampita. Katika la nne na la nane nimerekebisha mpangilio tu, utaona wino.

Pamoja na barua hii utapata kifurushi ofisini pa magari ya Murang'a, stendi. Ni kamusi yangu kubwa, ile uliyokuwa ukiilalia kama mto. Mimi sina kazi nayo tena. Jalada nililitengeneza upya.

Fanya kazi yako bila woga. Woga huonekana kwenye mwandiko.

Hezekiah, aliyewahi kuwa mwalimu


Nyeri, 14 Machi 2025

Mjomba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa furaha, maana Daktari Qamar alipofika kwenye sahani inayorudi jikoni alivua miwani akacheka. Mama anakusalimu. Binamu Mwai amepata mtoto wa kiume kule Karatina. Mvua ilinyesha jana, ya mawe, ikapasua vioo vya jirani.

Kamusi ilifika. Nilifurahi, kisha nikakaa nayo kitandani nikiitazama. Ulikuwa hukubali hata Tata Wakiuru aihamishe akifagia.

Wiki iliyopita tulikwenda Tetu kuyajaribu maswali. Mhoji wetu ni Ben, kijana mcheshi sana, mimi naandika. Nyumba ya kwanza, mama mzee alitupokea amevaa vizuri, akatuletea chai ya maziwa na viazi vitamu.

"Shosho, habari ya hapa?" Ben akamuuliza.

"Salama sana. Karibuni, kaeni."

Tukala, tukanywa. Ben akaanza: katika wiki mbili zilizopita, moyo umekuwa mzito? Mama mzee akamkazia macho.

"Sasa kijana, si nimekuambia tuko salama? Ama chai haina sukari?"

Maswali yote tisa, hapana. Tulipofika kwenye lango mkazamwana wake akatukimbilia, mikono ina unga. "Ati amewaambia nini? Huyo hajatoka kitandani tangu Krismasi. Leo ameamka juu ya wageni."

Nyumba iliyofuata ilikuwa vivyo hivyo, na nyingine, na nyingine. Hapana, hapana, hapana. Tuliporudi ofisini, Ben akasema, "Daktari, Tetu yote iko sawa. Wagonjwa ni sisi. Tufunge ofisi tupimwe." Tulicheka wote isipokuwa Daktari Qamar. Anashangaa kosa liko wapi, kwa sababu maneno sasa yanaeleweka.

Nina jambo dogo jingine, Mjomba, na unisamehe nikiwa nimekosea. Ulisahihisha maswali manane. La tisa hukulitia hata nukta. Huenda ukurasa uliruka. Naliandika tena hapa chini ili usisumbuke kulitafuta.

Nangoja kwa adabu,
Wachuka


Kangema, 7 Aprili 2025

Mama yangu,

Tuko salama. Mvua imeanza na kahawa imetoa maua meupe, mlima wote unanukia. Hongera kwa Mwai. Nimemuuza Muthoni, yule ng'ombe wa madoa. Mnunuzi ni mtu mzuri na ana majani ya kutosha. Usimwambie mama yako, atasema nimepumbaa.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nikipanga vitu.

Kosa lenu la Tetu nimeliona tangu kwenye mstari wa chai. Mlisalimia. Mtu akishasema mbele ya mgeni kwamba yuko salama, na mgeni akanywa chai yake, hawezi kugeuka akajikana kabla kikombe hakijapoa. Atakuwa ameitukana nyumba yake. Kila swali mliloliuliza baada ya hapo lilikuwa linamwambia: tuonyeshe kwamba ulidanganya. Nani angekubali? Na hamwezi kuingia boma la mtu bila kusalimia, mtafukuzwa na mbwa. Kwa hiyo sijui mtafanya nini. Pengine anayeuliza asiwe mgeni. Pengine awe mtu ambaye mwenye nyumba hana haki ya kumwambia uongo. Watu wa namna hiyo ni wachache, na wengi wao wamekufa.

Swali la tisa halina kosa la lugha. Liache kama lilivyo. Na usilirudishe tena kwangu.

Hezekiah


Nyeri, 11 Aprili 2025

Mjomba,

Habari za siku nyingi kidogo. Sisi tu wazima na goti la Mama limepata nafuu. Tutakuja kwako Pasaka, yeye na mimi, tukae hadi jioni.

Barua yako niliisomea chooni ofisini, watu wasinione. Ile sehemu ya salamu nilimsomea Daktari Qamar. Akasema, "Huyu mtu anajua jambo hili kutoka ndani." Baadaye nilimfuata nikamuuliza kana kwamba ni jambo la Tetu: ukimuuliza mtu swali la tisa, hutampa wazo ambalo hakuwa nalo? Akasema hapana. Wazo huwa lipo au halipo, na aliye nalo huwa amelibeba peke yake kwa muda mrefu. Kumuuliza ni kulishika upande wa pili. Wazee wa pale Tetu wameomba swali hilo liondolewe. Wanasema litavuta mkosi nyumbani, na kwamba mtu akikubali chifu atamjia na pingu. Ben na wengine wanaelekea kukubali liondolewe. Daktari amekataa, lakini ameniambia bado hajui nani anaweza kuliuliza.

Nilimuuliza Mama kuhusu ndugu yenu Simeon. Sisi watoto tuliambiwa alianguka kutoka kwenye mti wa avokado. Lakini mti ule ulikatwa siku ileile ukachomwa mpaka kisiki, na mchungaji hakuja mazishini, na hakuna mtu anayechoma mti kwa sababu mtu ameanguka. Mama aliacha kumenya viazi. Akasema, "Wachuka, usilitamke hapa. Hilo neno linaijua njia ya nyumba yetu."

Mjomba, katika barua zako unaandika "sisi tuko salama". Sisi ni nani? Tata hayupo. Watoto wako wako ng'ambo. Muthoni umemuuza. Kamusi iko kwangu. Unapanga vitu gani?

Nisamehe. Nitakuona Pasaka.

Wachuka


Nyeri, 24 Aprili 2025

Mwanangu Hezekiah,

Sikusalimu. Nikikusalimu utanijibu, na ukishanijibu tumekwisha.

Jumapili nilikaa kwako tangu baada ya ibada hadi jua lilipoinama. Nilikuja na swali moja tu. Ukatupokea umenyoa, umevaa koti la harusi ya Mwai. Mama akapaza sauti kama tunavyopaza sote ili usikie, "Kaka, habari ya hapa?" Nawe ukasema, "Salama sana, karibuni, kaeni." Sauti ilikuwa ileile ya yule mama wa Tetu.

Tukanywa chai. Kinyua alikuja na kreti ya mayai akakaa nasi. Ningekuulizaje? Swali lile nililipe sauti ya kufika masikioni mwako, mlima mzima ulisikie? Nilikuwa na kalamu mfukoni. Nilitaka nikuandikie kwenye kipande cha karatasi nikupe mkononi, lakini Mama aliniona nikiitoa akatikisa kichwa. Nikairudisha. Mimi ni mwoga, unajua. Nikaomba kuonyeshwa kahawa.

Nikaona kaburi la Tata limepaliliwa hadi kwenye uzio, na kando yake umepima nafasi kwa kamba na vigingi. Uliniona nikiitazama kamba ile. Ulisema ni ya miche ya ndizi. Nikakubali! Nilikubali, Mjomba, nikakuuliza ndizi za aina gani. Ndani nikaona kila sufuria imebandikwa jina: hii ya dada, hii ya Mwai, hii ya kanisa. Uliniambia umeamua kuwa nadhifu. Tukaondoka na ndizi na avokado za kutosha wiki, Mama akisema njiani kwamba anashukuru kaka yake amepata nguvu tena. Alisema hivyo mara nyingi mno. Naye pia anaogopa.

Nimezunguka na jambo hili tangu siku ile. Uliniandikia kwamba anayeuliza asiwe mgeni, awe mtu ambaye mwenye nyumba hana haki ya kumwambia uongo, na kwamba watu hao wengi wamekufa. Mama yako alikufa kabla sijazaliwa. Jina lake mlinipa mimi. Sikuliomba, na miaka yote nimelibeba kama utani wetu, nikicheka unaponiita. Leo sicheki. Naandika kwa woga, kwa sababu mtoto hasemi na mkubwa hivi, na kama nimekosea utakuwa na haki ya kunilaani, na laana ya mjomba naiogopa kuliko kupoteza kazi.

Simuulizi mjomba wangu. Simuulizii Daktari Qamar, wala jibu lako halitaandikwa kwenye karatasi yoyote ya ofisi. Mimi Wachuka, mwenye jina la aliyekuzaa, ninamuuliza mwanangu:

Hezekiah, unawaza kujiua?

Nijibu hilo tu. Usinieleze kahawa.

Barua hii nimempa dereva anayemfahamu Kinyua aifikishe leo. Nimemwambia ni ya maendeleo ya ng'ombe.

Wachuka


Kangema, 25 Aprili 2025

Mama,

Ndiyo. Karibu kila siku.

Nimeandika maneno hayo kisha nikaweka kalamu nikaenda nje. Nilidhani kitu kingetokea. Kuku walikuwa wakichakura tu.

Ulipolituma swali lile mara ya kwanza, mwezi wa pili, nilikuwa tayari na wino mwekundu. Nilisoma hadi la nane nikifurahi, kwa mara ya kwanza tangu Wakiuru alale, kwa kuwa kulikuwa na kazi. Nikafika la tisa. Nilitafuta kosa ndani yake, mama. Nilitaka sana liwe na kosa. Lilikuwa limeandikwa sawasawa, na lilikuwa linaniuliza mimi.

Hakuna mtu mwingine aliyeniuliza. Wote wamekuwa wema. Kanisa lilileta blanketi, Kinyua ananiletea mayai, wanangu wananitumia picha za theluji. Wanaingia wanasalimia, nami nasema salama, na kila nikisema salama nasikia mlango mwingine umefungwa. Siku ya Pasaka nilikuona ukitoa kalamu. Nilimwomba Mungu uandike. Ulipoirudisha mfukoni niliona kwamba basi, imeamuliwa. Nilikuwa nimechagua Jumamosi hii. Kesho.

Sina uchungu wa kukueleza ukaelewa. Si kilio. Nimechoka tu na asubuhi. Nafikiri hata Simeon hakuwa analia. Alikuwa akichonga mpini wa jembe, na sisi sote tulipita tukamsalimia.

Sikulaani. Ningewezaje? Niliposoma "Mwanangu Hezekiah" nilisimama wima jikoni kama mtoto aliyekamatwa, mzee mzima na mvi zangu, nikageuka nyuma kutazama ni nani.

Kinyua anakuletea barua hii kwa mkono. Nimemwambia asirudi bila wewe, hata kama Daktari anakutazama juu ya miwani. Mpe Daktari jina langu. Nitamjibu yeye pia, yote tisa, mradi uwe umekaa kando yangu. Dada yangu mwambie mwenyewe. Mimi sina maneno ya kumwambia.

Dawa ya kunyunyizia kahawa iko stoo. Nilinunua ya kutosha, na unajua kwamba mwaka huu sikunyunyiza. Asubuhi hii nimefunga stoo na ufunguo nimempa Kinyua ndani ya bahasha iliyobandikwa gundi. Hajui ni wa nini. Mwombe akukabidhi mara umalizapo barua hii, uuweke mwilini mwako kabla hamjaanza safari, na ukifika hapa usiuweke mezani wala usiniambie uko wapi.

Nikiuomba, usinipe. Nitauomba.

Hezekiah